Nyota Zilizofichwa na Mulika Mwizi

Donholm, Nairobi
12 Desemba 2024

Nyaminwa Perez, dada yangu,

Barua yako imefika. Imeteremka Kiamaiko pamoja na mbuzi wa Marsabit, na bahasha inanuka beberu mpaka wifi yako Winny amekataa iwekwe mezani. Nimeisomea kwenye ngazi kama mtu anayeficha jambo. Lakini sheria yetu ni ile ile: simu ni ya misiba, mambo ya mbinguni ni ya barua, na huko Maikona kwenyewe mtandao unatafutwa kwa kupanda kilima. Kwa hiyo nitaendelea kuwabembeleza hao madereva wa malori ya mbuzi.

Mimi sina raha. Mulika mwizi imenimaliza. Nilikwambia mwaka jana walivyosimamisha ule mlingoti mrefu wa taa karibu na geti letu. Watu walipiga vigelegele, mwenyekiti wetu Andati akahutubu kana kwamba ameliumba jua. Tangu siku hiyo mbingu yangu inafutwa kidogo kidogo. Kwanza zilipotea zile nyota ndogo ndogo, nikasema si kitu. Kisha Kilimia, lile kundi la nyota zilizobanana. Sasa hata Jabari, jitu letu lile lenye nyota tatu kiunoni, simwoni. Napanda darini na darubini yangu ya Gikomba, nasimama kati ya matangi na kamba za nguo, nainua uso, na naona ukungu wa taa tu. Basi nateremka na hasira zangu.

Nimeandika ombi taa ile ifunikwe upande wa juu, ama izimwe jioni moja kwa wiki. Nazunguka mlango hadi mlango nikitafuta sahihi. Mbeti, yule anayepika chapati pale getini, amekataa kabisa. "Baba, wewe unataka nyota," akaniambia, "mimi nataka kufika kwangu na simu yangu ikiwa bado kwa mfuko. Hiyo taa ikizimwa nitakuja kulala kwa mlango wako." Tangu hapo tunasemezana kwa kununiana.

Na si yeye peke yake. Winny anasema majirani wanalalamika kwamba nimeanza madharau, eti jioni napishana nao kwenye korido na siwasalimii. Madharau gani, Perez? Mtu unatoka chini ya mwanga kama ule, unaingia kwenye korido, macho yamejaa taa. Juzi nimeligonga jiko la Mbeti nikachubuka muundi wote, naye akaapa kwamba nilifanya makusudi kwa sababu ya sahihi.

Niambie unachokiona huko. Usinionee huruma, niambie chote.

Kaka yako mwenye vita na taa,
Jackton Oketch


Maikona, Marsabit
29 Desemba 2024

Owadwa Jackton,

Pole kwa muundi. Na pole kwa Mbeti pia, maana mimi niko upande wake. Mwanamke anayefunga biashara usiku hawezi kujilinda kwa Kilimia.

Umesema nikuambie chote, haya basi. Shule imefungwa, watoto wamekwenda na mifugo, na mimi nimebaki na mlinzi na upepo. Jana baada ya chakula nilitembea kidogo kutoka kwenye nyumba za walimu mpaka pale ardhi inapogeuka kuwa nyeupe kwa chumvi. Hakukuwa na mwezi. Zuhura ilikuwa upande wa magharibi, na ilikuwa kali hivi kwamba nilipoangalia chini niliona kitu cheusi karibu na miguu yangu. Nikaruka, nikidhani ni nyoka. Nikahama, nacho kikahama. Jackton, kilikuwa kivuli changu. Hapakuwa na taa wala mwezi. Kilikuwa kivuli kinachotupwa na Zuhura peke yake. Nimeishi miaka yote hii sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na kivuli kama hicho. Nilinyoosha mikono, nikaiona mikono. Nikasimama pale nikichezesha vidole kama mwendawazimu mpaka Zuhura ikazama.

Kisha nikageuka, na Njia ya Maziwa ilikuwa imesimama kutoka ardhini hadi ardhini. Huwa nakuandikia habari zake kila mara na kila mara naona aibu, kwa sababu maneno yangu ni yale yale na yenyewe kila usiku ni mpya. Nilisema "Asante" kwa sauti. Sijui nilikuwa namwambia nani, Mungu najua hunisikia hata nikinyamaza.

Lakini kuna jambo moja silielewi. Tulipokuwa watoto kule Makongeni, taa za reli zilikuwa zinatupiga usoni, na bado tulikuwa tunamwona Jabari tukiwa tumekaa kwenye mawe ya kuanikia nguo. Wewe ndiye uliyenionyesha. Nyota ndogo nakubali, lakini Jabari? Hiyo taa yenu inawaka namna gani hata imfute Jabari? Nitakapokuja nitaiona mwenyewe, na nikikuta unatia chumvi nitakutangaza kwa ukoo mzima.

Msalimie Winny. Mwambie bahasha hii nimeipulizia manukato.

Dada yako,
Perez Awiti


Donholm
2 Februari 2025

Nyaminwa,

Manukato yamechanganyika na beberu, sasa nyumba inanuka arusi ya mbuzi. Winny anasema rudisha harufu ya kwanza.

Sikiliza. Imetokea! Alhamisi tulikuwa tumemaliza kula, tukasikia mlipuko upande wa Outer Ring, na stima ikapotea. Si kwetu peke yetu. Umoja giza, Kayole giza, Pipeline giza, hata mulika mwizi ikafa pale ilipo. Kwanza zikasikika zile kelele za kawaida, watu wanazomea, watoto wanapiga mayowe ya furaha. Halafu joto likawatoa watu ndani, na kwa kuwa dari ni yetu sote, jengo zima likapanda juu.

Ungewasikia, Perez! Yule kijana Kim wa ghorofa ya pili ndiye aliyeanza. "Wueh! Buda, cheki juu! Hiyo ni nini?" Kila mtu akainua kichwa. Mtu mmoja akasema huo ni moshi wa Kiamaiko, wanachoma vichwa vya mbuzi. Mwingine akasema moshi gani haisongi, hebu angalia vizuri, iko na nyota ndani. Wakabishana. Mimi nikawaambia, "Hiyo ndiyo Njia ya Maziwa." Kim akauliza, "Na haikuwa hapa jana?" Nikamwambia imekuwa hapo tangu kabla ya Nairobi, kabla ya reli, kabla ya mtu wa kwanza kuipa jina. Akasema, "Zi, unanibeba, hiyo ni uongo." Kisha akakaa chini kwenye simiti, mtoto wa mjini yule asiyeshangazwa na kitu, akaendelea kuangalia juu.

Mbeti alikuwa karibu yangu. Alikuwa amesahau kwamba tumenuniana. Akasema, "Ni kama nimemwaga unga," na sauti yake ikakatika. Alikuwa analia. "Baba, hizi zote ndizo ulikuwa unatuambia?"

Nikawaonyesha. Jabari alikuwa juu ya vichwa vyetu kabisa, mkanda wake umeng'aa. Hapo kando yake jicho jekundu la Fahali, peke yake, hakuna kinacholingana nalo upande ule wote. Kilimia ng'ambo yake kidogo, wamekusanyika kama kawaida yao. Nyota ya Mbwa ikimeta rangi zote. Kusini chini, yale mawingu mawili ya nyota yasiyopeperuka. Zuhura tu ndiyo tuliikosa, ilikuwa nyuma ya ghorofa la jirani. Nilinyoosha kidole na watu wakafuata kidole, na kila mara wakisema "Aaa!" wote kwa pamoja, kama kanisani.

Sijui tulikaa muda gani. Stima iliporudi watu walilalamika, unaamini? Walilalamika kwamba stima imerudi.

Winny alinishika mkono kushuka ngazi. Naishia hapa, macho yamechoka.

Kaka yako,
Jackton


Maikona
16 Februari 2025

Jackton,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mara ya kwanza nililia kwa furaha. Niliwasomea walimu wenzangu hapo kwa Kim na kwa Mbeti. Kisha nikatoka nje nikatazame yale yale uliyoyatazama, ili tuwe pamoja.

Mshtarii iko wapi?

Nakuuliza wewe uliyenifundisha. Mwaka huu Mshtarii imekaa pembeni mwa jicho la Fahali, bega kwa bega, na inang'aa kuliko nyota zote za usiku. Watoto wangu wa darasa la nne wanaiona kabla hawajala. Wewe umeniandikia jicho la Fahali liko "peke yake, hakuna kinacholingana nalo upande ule wote." Na Mirihi je? Iko kwa Mapacha, nyekundu kama kaa la moto, hukuitaja hata kidogo. Umenichorea mbingu ya kitabuni. Nyota hazihami, Jackton, hizo unazijua kwa moyo. Sayari ndizo zinahama, na hizo inabidi mtu aangalie.

Hukuangalia. Hukuwa darini, sivyo? Ulikuwa umekaa baa mahali fulani, ukarudi ukamkuta Winny na majirani wanasimulia, ukaniandikia kana kwamba ulikuwepo. Kama hukuwa, ungesema hukuwa. Kwa nini unidanganye mimi, na kwa jambo hili? Mambo mengine yote watu hudanganyana, hili letu lilikuwa safi.

Nimekasirika, sitaki kuficha.

Perez


Donholm
1 Machi 2025

Perez,

Nilikuwa darini. Mbingu ndiyo haikuwepo.

Nilisimama pale pale nilipokwambia, karibu na tangi, Mbeti kushoto kwangu. Walipoanza kupiga kelele niliinua uso na sikuona kitu. Nikadhani bado macho hayajazoea. Nikangoja. Wao wanasema moshi, wanasema unga, mimi naangalia ndani ya sufuria nyeusi. Nikamwuliza Winny polepole, "Kuna mawingu?" Akacheka, akasema, "Mawingu gani, Jack? Usiku mweupe hivi!" Hapo ndipo nikaangalia upande wa mulika mwizi kwa mazoea yangu ya kulaumu, nayo ilikuwa imezima. Hapakuwa na taa hata moja ya kusingizia. Perez, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Na wale watu wakanigeukia! "Baba, tuonyeshe." Ningefanya nini? Nilijua saa, nilijua mwezi, nilijua Jabari anapaswa kuwa juu ya kichwa. Nikanyoosha kidole gizani, na wao wakaona. Mshtarii sikuikumbuka kwa sababu sijaiona karibu mwaka. Kila jioni nilikuwa nikishuka na hasira nikisema ni taa, ni taa, nikazungusha karatasi ya sahihi mtaa mzima. Korido niliyosema siwaoni watu, ni taa. Jiko la Mbeti, ni taa.

Usiku ule ule nikamwambia Winny, na kesho yake akanipeleka kwa daktari wa macho. Alinitia dawa, akaniangalia ndani muda mrefu, akaniketisha na kunieleza kwa upole. Kile kitambaa cha nyuma ya jicho kinachopokea mwanga kinakufa taratibu kuanzia pembeni. Mchana nitaendelea kuona kwa miaka kadhaa, kama mtu anayechungulia kwenye tundu, na tundu litazidi kuwa dogo. Usiku ndio hutangulia kuondoka. Dawa hakuna. Nilimwuliza kama taa kali inaweza kusababisha, bado nilikuwa natafuta pa kubandika kesi yangu. Akatikisa kichwa. Nimezaliwa na ugonjwa huu.

Hapo ndipo penye kilichonifanya nikudanganye. Ni wa kurithi, uko kwenye damu yetu. Daktari amesema ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wapimwe pia. Nilitoka pale nikiwaza juu yako na ile pikipiki ya shule unayoendesha jioni, na kile kivuli chako juu ya chumvi. Nikaona kwamba nikikwambia langu, nimekwambia na la kwako. Nikasema nikupe mbingu nzuri moja zaidi kwanza. Ni upumbavu, najua, maana wewe ulistahili kujua siku ile ile. Nenda ukapimwe, nakuomba kama kaka yako. Na jioni usiendeshe.

Ombi langu la sahihi nimelichoma kwenye jiko la Mbeti mwenyewe. Nikamwambia sababu. Akanikunjia chapati mbili. Sasa nikitoka kazini jioni natembea kwa kufuata ile taa kutoka stendi mpaka getini. Bila hiyo nisingefika.

Nisamehe.
Jackton


Maikona
15 Machi 2025

Mpendwa kaka Jackton,

Nimepokea barua yako. Nakusamehe, nawe unisamehe kwa habari ya baa.

Sisi tu wazima. Shule inaendelea vizuri. Mwalimu mkuu amepata bati za kuezekea jiko. Majirani wanaofunga Ramadhani wanatuletea uji jioni. Mbuzi wa mlinzi amezaa mapacha, wote majike. Joto ni kali lakini tumezoea.

Msalimie sana Winny. Mungu awe nanyi.

Dada yako,
Perez Awiti


Donholm
23 Machi 2025

Perez,

Hii ni barua gani? Nimekuomba nyota umeniletea bati. "Mpendwa kaka Jackton." Unaniandikia kama mtu anayejaza kitabu cha rambirambi.

Hapa watu wote wameanza. Kim akiniona kwenye ngazi anazima tochi ya simu aliyokuwa akimwonyeshea mtoto wa jirani mwezi, eti nisione uchungu. Andati ananisalimia kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi. Nimewavumilia kwa sababu ni majirani. Wewe sitakuvumilia. Usipoangalia kwa niaba yangu, nani ataangalia? Kila ulichoniandikia toka mwaka jana ndicho nimekuwa nikikiona. Nikifumba macho naiona ile chumvi na vidole vyako. Sasa unataka kunizimia hata hiyo?

Na hujaniambia neno moja kuhusu macho yako. Umetoka nje ukatazama, au hujatoka? Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Jackton


Maikona
4 Aprili 2025

Owadwa,

Sikuwa nimetoka.

Nilipoisoma barua yako ya mwanzo wa Machi niliingia ndani kabla jua halijazama, nikafunga mlango na dirisha, na jioni zote zilizofuata nikafanya vivyo hivyo. Nikaweka ndoo ndani ili nisilazimike kwenda uani. Walimu wenzangu walidhani nina malaria. Ukweli ni kwamba niliogopa kuangalia juu. Niliwaza, nikitoka nikakuta zimepungua, basi nimejua. Nisipotoka, bado zote zipo. Mimi ninayewachapa watoto maneno kwa kukisia majibu badala ya kuangalia!

Barua yako ya hasira ndiyo iliyonitoa. Ilifika jioni, nikakasirika nawe, na hasira ni dawa ya woga. Alfajiri nikasikia jirani yangu akipuliza moto wa daku, zilikuwa siku za mwisho za mfungo. Nikajifunga leso, nikafungua mlango. Nilitembea mpaka kwenye chumvi nikiangalia vidole vya miguu tu. Nikasimama. Nikasema, "Jackton, haya," na nikainua uso.

Zilikuwepo zote. Nge alikuwa amejinyoosha juu ya kichwa changu, mkia wake umezama kwenye Njia ya Maziwa pale inapovimba na kuwa nene kabisa, pale ulipowahi kuniambia ndipo kitovu chake hasa, ndipo kila kitu kinapozungukia. Katikati yake ile mito myeusi isiyo na nyota ilionekana wazi, hata vijito vyake. Nikatafuta nyota ndogo kuliko zote ninazozijua, ile iliyo kando ya mwiba wa Nge ambayo lazima uiangalie kwa pembeni. Nikaiangalia kwa pembeni. Ilikuwepo. Nikakaa chini kwenye chumvi nikalia mpaka jirani akaja na kijinga cha moto kuuliza nani amekufa.

Nilikuwa nimefurahi, Jackton, na nikaona aibu kwa kufurahi. Tumezaliwa tumbo moja. Wewe ndiye uliyenishika kichwa kwa mikono miwili ukakigeuza kuelekea Jabari. Kwa nini mimi nibakishiwe? Nilimwuliza Mungu swali hilo na sijapata jibu, na sitajifanya nimelipata.

Wiki ijayo shule ikifungwa nitapanda lori mpaka Marsabit nikapimwe kwa vyombo, maana jicho langu mwenyewe si daktari. Lakini nitakuwa naandika. Nitakuandikia hata usiku wa mawingu. Ila na wewe uniandikie unachokiona, hata kikiwa kidogo. Sitaki mbingu ya kitabuni tena.

Na msimu wa mvua umefika huko. Nakujua ulivyo mwehu wa radi. Usithubutu kupanda darini.

Dada yako,
Perez


Donholm
27 Aprili 2025

Nyaminwa Perez,

Ulipopiga simu kutoka Marsabit, Winny aliiona namba yako akaanza kulia kabla ya kupokea. Si tulisema simu ni ya misiba! Uliposema daktari amekuangalia na macho yako ni safi, aliitupa simu kwenye kochi akacheza pale katikati ya sebule na mwiko mkononi. Na mimi nilicheza. Ile aibu yako itupe jangwani. Nakuambia kutoka moyoni, sijawahi kusikia habari tamu kama hiyo, na kama kulikuwa na jicho moja la kugawana, nafurahi lilikwenda kwako.

Sasa nikuandikie nilichokiona, kama ulivyotaka.

Jumanne jioni, chakula kikiwa bado motoni, ngurumo ilianza upande wa Ruai. Nilikutii, sikupanda darini. Nilikwenda mpaka pale ngazi zinapoishia, kwenye lile dirisha kubwa la vyuma, nikasimama nyuma, mbali na vyuma. Nilitaka kusikiliza tu. Nikamsikia Winny akija nyuma yangu. Unamjua Winny na radi. Ikilia huwa anafunika vioo vyote kwa shuka na kujifungia chumbani mpaka ipite. Nikamwambia rudi ndani. Akasema, "Nakuja. Nitakuwa nakuambia vile inafanya." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Stima ikapotea. Kukawa lile giza langu ambalo halina hata kona.

Halafu mwako ukaja, na Perez, niliuona usiku! Niliuona mzima. Matangi yote ya Donholm juu ya madari yake, nguo za mtu aliyesahau kuanua zimesimama wima kwa upepo, turubai la Mbeti, mlingoti wa mulika mwizi mweusi kabisa, na Outer Ring imejaa maji yanayometa. Kisha giza. Kisha tena! Na safari hii nikaangalia juu, na lile si wingu ulilozoea kuliona, ni mlima unaopanda mpaka shingo inauma, na ndani yake kuna vyumba. Chumba kimoja kikawaka, kikazima, kikawaka cha juu yake, kikawaka cha mbali kabisa upande wa Athi, bila sauti, kama mtu anayetembea na taa ndani ya nyumba isiyo na mwisho. Kisha ngurumo ikafika na jengo lote likatetemeka mpaka kwenye meno yangu.

Nilikuwa nimeamini kwamba usiku umefutwa. Kumbe upo. Uko pale pale ulipokuwa, na kila kitu chake kiko ndani. Niliogopa, nikafurahi, nikasikia nakuwa mdogo sana, na sikutaka ukubwa wowote. Niliuona kwa tundu langu hili dogo, lakini kila mwako ulipokuja nililigeuzia mahali pengine, na kila mahali palikuwa pamejaa.

Winny hakujua kwamba naona. Alikuwa ananisimulia kwa kupiga kelele juu ya mvua. "Hiyo imepiga Kayole, ndefu, iko na matawi! Hiyo ingine ni ya zambarau, Jack, iko juu ya Umoja, wueh!" Nikashangaa, maana hiyo ya pili niliiona kwa macho yangu haya. Ilikuwa nyeupe, na ilikuwa upande wa uwanja wa ndege.

Nikamgeukia nimrekebishe. Mwako ukapiga, na nikauona uso wake, karibu kabisa na wangu. Alikuwa amefumba macho. Ameyabana kama mtoto anayedungwa sindano, machozi ya woga yanamtiririka mpaka kidevuni, na mdomo unaendelea: "Na hii nayo! Hii imejaa mbingu yote, Jack, ungeona!"

Giza likarudi. Nikamvuta karibu, nikamwuliza, "Na sasa?" Akaniambia, nami nikamsikiliza mpaka mvua ikapita.

Kaka yako,
Jackton